Waya Usiojua Kufifia

Mwalimu wetu wa kwaya hakumruhusu mgeni kusema neno wimbo ukiwa unaendelea. Hata ungeingia nyumbani kwake na habari ya msiba, angekuonyesha kiti kwa kidole, kisha angekiweka kidole hichohicho mdomoni, nawe ungekaa na msiba wako hadi wimbo ukome. Hapo ndipo angezima vyombo vyake, akasimama, akakusalimu kwa adabu zote na kukuuliza ni nani aliyetutoka. Wako waliouona huo kuwa ukatili. Mimi sikuuona hivyo. Niliona mtu anayeamini kwamba jambo lililoanzishwa na watu wengi kwa pamoja halikatishwi na mtu mmoja.

Jina lake sitalitaja, na wewe mjukuu wangu unayeniandikia usilitie, hata kama unalijua. Watoto wake wapo, na kila mtu wa huku Mbozi aliyepita katika kwaya yetu atamtambua kabla hatujafika mbali. Sisi tulimwita Mwalimu. Shuleni hakufundisha kamwe. Alikuwa mkulima wa kahawa kama sisi sote, na nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya kushukia Mlowo. Ualimu wake ulikuwa wa sauti.

Mimi sikusoma, na kwaya ni mahali pagumu kwa mtu asiyesoma. Siku ya kwanza aliandika noti zake ubaoni, wenzangu wakaziimba wakizitazama, mimi nikatazama sakafu. Aliliona hilo, wala hakuniuliza lolote mbele za watu. Jumamosi iliyofuata alinihamisha, akanisimamisha mwanzo wa mstari wa alto, akasema kwa sauti iliyomfikia kila mtu:

“Huyu mama ndiye ubao wenu. Mkipotea, msinitazame mimi. Msikilizeni yeye.”

Tangu siku hiyo alikuwa akinifundisha kila wimbo mpya kabla ya wengine, kwa kunong'oneza, tukiwa tumesimama mlangoni mwa kanisa kama watu wanaosubiri mvua ipite. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nafundishwa. Walidhani tunaongea habari za mbolea.

Ukali wake, hata hivyo, haukuwa mchezo. Mwanakwaya aliyenuka pombe alisimamishwa mwezi mzima, awe mtoto wa nani. Vinanda vya umeme vilipoanza kuingia makanisani, vijana walimwomba nasi tuwe na kimoja, akawajibu kwamba Mungu amempa kila mtu koo, na koo haliulizi kama umeme umekatika. Basi jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu huyohuyo, nyumbani kwake, alikuwa na vyombo vya muziki ambavyo hapakuwa na mfano wake kutoka Mlowo hadi mpakani.

Mkewe, mwanamke mcheshi aliyeolewa kutoka Ndalambo, hakumwacha apumue kwa jambo hilo.

“Kanisani umeme ni dhambi,” alisema akitumiminia chai, “sebuleni ni baraka.”

“Kanisani tunaimba, mke wangu. Hapa tunasikiliza. Hizo ni kazi mbili.”

“Na kazi ya kupalilia je? Hiyo umeme wake uko wapi?”

Vyombo hivyo alivinunua kimoja kimoja. Zamani, redio ilikuwa sanduku moja, na mwenye nalo alikuwa mtu mkubwa. Biashara ilipofunguliwa, Tunduma ikajaa bidhaa ambazo hatukuwa na majina yake, na kila baada ya kuuza kahawa Mwalimu aliteremka huko, katika duka la mzee mmoja Mwislamu kutoka Kigoma tuliyemwita Hajji. Alianza na spika mbili. Msimu mzima spika hizo zilikaa sebuleni kimya, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuzipa sauti. Wageni walipouliza, alijibu, “Zinasubiri.” Msimu uliofuata ikaja amplifaya, halafu deki ya kaseti, na miaka mingi baadaye deki ya sidii na amplifaya mpya. Wimbo wa kwanza uliosikika humo ulikuwa wetu wenyewe, ule tuliorekodi Mbeya. Nilijisikia nikitoka ndani ya sanduku la mbao nikiwa nimekaa kwenye kochi. Sikupenda. Lakini nilimwona yeye, amefumba macho, akiinua kidole kimoja kimoja kwa kila mmoja wetu aliyemtambua, na nikanyamaza.

Kuhusu waya alikuwa na imani yake. Kahawa yetu tunaiosha kwa maji ya mfereji, na kila mkulima anajua kwamba mfereji wenye tope huharibu kahawa njema. Mwalimu alisema wimbo ndio maji na waya ndio mfereji. “Ukiona maji machafu,” alisema, “usikimbilie kuilaumu chemchemi.” Waya za kutoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya zilikuwa mbili, moja ya kichwa chekundu na moja ya kichwa cheupe, na vichwa hivyo vilishika kutu msimu wa mvua. Vikishika kutu, spika moja ilififia, na chini ya wimbo ukasikika mngurumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Nilikuwepo, nilisikia.

Dawa yake ilikuwa wembe na gongo. Alikwangua vile vichwa taratibu kwa wembe, kisha akavipangusa kwa kitambaa kilicholowekwa katika gongo, kwa kuwa maji huleta kutu na spiriti ya dukani ilikuwa haipatikani kila mara. Fikiria basi: mtu aliyewasimamisha wanakwaya kwa harufu ya pombe, anashuka mwenyewe bondeni kwa mpishi wa gongo, chupa imefichwa ndani ya koti la Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa alimkuta njiani.

“Mwalimu, hiyo ni ya nani?”

“Ni ya waya.”

Habari hiyo ilienea hadi Msangano. Mkewe alitucheka sote tuliokwenda kuuliza. “Ni kweli,” alisema. “Mume wangu hanywi. Waya zake ndizo zinazolewa, na zikishalewa zinaimba vizuri.”

Alikuwa na desturi ya kutupima. Alimweka mkewe nyuma ya kanga iliyotundikwa mbele ya vyombo, akamwagiza abadilishe waya, mpya na za zamani, bila sisi kuona, nasi tuseme ni zipi zilizo bora. Wengi walisema lile walilodhani atalipenda. Mimi nilisema nilichosikia. Mara moja, baada ya kurudi na waya nene alizozisifu njia nzima, aliniuliza ni zipi.

“Ni zilezile,” nikasema.

“Zilezile vipi, Mama? Hizi zimefunikwa hadi kwa nyuzi za fedha!”

“Huenda zimefunikwa kwa fedha. Wimbo ni uleule.”

Mkewe alitoa kichwa pembeni ya kanga. “Hata mimi huku nyuma nimeshasahau ni zipi, Mwalimu.”

Alikasirika siku mbili hivi, akarudi kwangu, akasema kwamba mtu asiyeongopa kwa ajili ya chai ni mtu wa kutunzwa. Hayo ndiyo maneno pekee ya sifa niliyopata kwake, na yananitosha.

Sasa nitasema jambo ambalo wanakwaya walilijua na hawakulitamka.

Mwaka ule tuliokuwa tukijiandaa kwa mkutano mkubwa wa mashindano ya kwaya, Mwalimu alianza kulalamika kwamba vyombo vyake vimefifia. Alisema sauti ya kwanza imerudi nyuma, kana kwamba akina dada wanaimba wakiwa chumba cha pili. Akakwangua. Akapangusa. Chupa ya bondeni ikawa haikauki. Nami nilikuwa nimekaa palepale sebuleni, na sauti ya kwanza ilikuwa imejaa nyumba nzima. Siku nyingine tulikuwa tukichuma kahawa kwake, jua limewaka, nyenje wanapiga kelele katika mibuni hadi mtu anakereka, naye akainua kichwa akasema, “Shamba limetulia sana leo.” Mkewe alinitazama. Nikaendelea kuchuma.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Akina dada wa sauti ya kwanza walipotea sauti, wakapanda mahali pasipo ngazi, naye alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Wazee wa kanisa wakakutana, nami nilikuwamo kwa upande wa akina mama. Yule mzee aliyemkuta na chupa ndiye aliyeanza.

“Huyu mtu hasikii. Tukienda naye kwenye mkutano, tutaaibika. Aondolewe sasa.”

“Aambiwe na nani?” nikauliza.

“Na wewe. Wewe ndiye ubao wake.”

“Mtu aliyetufundisha kusikia,” nikawaambia, “haitishiwi mikutano ya kumwambia kwamba hasikii. Subirini kahawa ikauke. Atajua mwenyewe.”

“Na asipojua?”

“Asipojua nitamwambia mimi, na si ninyi.”

Walinipa hadi kahawa ikauke. Nilirudi nyumbani na mzigo ule. Kumwondoa kulikuwa kumuua. Kumwacha kulikuwa kumfanya mzaha mbele ya makanisa yote, mtu ambaye maisha yake yote hakuvumilia sauti moja ya uongo.

Katika siku hizohizo alirudi kutoka Tunduma akiwa na furaha ya kijana. Hajji alikuwa amemwonyesha kwamba deki yake na amplifaya yake zote zina tundu jingine nyuma, la dijitali, na kwamba upo waya wake maalumu. Ulikuwa mwembamba kuliko utambi wa taa, mweusi, na ukiuchomeka upande mmoja, ncha ya pili ilitoa nuru nyekundu. Alituita tuje tuione ile nuru kwenye kiganja chake. “Humu,” alisema, “wimbo unasafiri kama mwanga. Hakuna shaba. Hakuna kutu.” Akauunga, akapiga wimbo wetu. Nami nakiri waya ule ulikuwa na kazi yake: ule mngurumo wa nyuki uliokuwa chini ya wimbo miaka yote ulikoma, na kati ya ubeti na ubeti pakawa na kimya safi kama uwanja uliofagiwa. Yaliyobaki yalikuwa kama zamani. Nilimwambia hivyo.

Yeye aliinamisha kichwa kuelekea spika, kwanza sikio hili, kisha lile.

“Bado imefifia,” alisema.

Kesho yake alifanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Aliuchukua waya ule wa mwanga, akaukwangua ncha kwa wembe, akaupangusa kwa gongo. Alipouchomeka tena, wimbo haukufifia wala kunguruma. Ulikatikakatika. Neno likaja, neno likatoweka, kama mtu anayezungumza huku akizibwa mdomo kwa kiganja. Alipouchezesha ukanyamaza kabisa. Akaufunga katika gazeti, akasema anaupeleka Tunduma. Mimi nilikuwa na safari ya kumwona binti yangu huko, tukapanda basi moja.

Hajji alitupokea mlangoni, huku akimwambia mteja wa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa neno la heshima la kwao, “Mukwai, nisubiri kidogo, mgeni wangu amefika.”

“Karibu, Mwalimu! Leo umekuja na askari?”

“Si askari. Ni alto.”

“Basi karibu, Mama Alto. Ehe, waya umefanyaje?”

“Ni mgonjwa.”

Hajji aliielekeza ile ncha kwenye jua la mlangoni, akaigeuza, akashusha miwani. “Mwalimu, hii imekwanguliwa.”

“Niliusafisha.”

“Kwa kitu gani?”

“Kwa wembe.”

“Na nini tena? Mbona una harufu?”

Mwalimu alitazama rafu za dukani kama mtu anayetafuta bidhaa. Nikasema mimi, “Gongo.”

“Astaghafirullah!” Hajji aliuweka waya ule mezani kwa vidole viwili. “Mmeninyweshea waya pombe, halafu mnauleta ndani ya duka langu?” Tulicheka sote, hata yule mteja, na Mwalimu akacheka kuliko sisi. Nimeukumbuka mara nyingi ule mcheko.

Kisha Hajji akaeleza, bila kujua alikuwa akieleza nini. Alisema ndani ya waya ule mna uzi unaopitisha mwanga. Deki inauwasha na kuuzima mwanga upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na amplifaya inaihesabu ile mimweko na kuifanya wimbo. Ukiikwangua ncha, mwanga unapotea njiani, hesabu inakatika, na wimbo unakatika nao.

“Ndivyo ulivyosikia?”

“Ndivyo,” alisema Mwalimu. “Lakini kabla sijaukwangua ulikuwa umefifia.”

“Hapana. Huu hauna kufifia, Mwalimu. Zile za shaba ndizo zinazofifia. Huu ama unaleta wimbo wote, ama unaukatakata, ama unanyamaza. Kuleta nusu ya sauti haujui.”

“Kwangu ulileta nusu.”

Hajji alimtazama, halafu akanitazama mimi, na nikaona kwamba sasa ameelewa. Alichukua waya mpya, akauunga kwenye vyombo vya dukani, akaweka sidii yetu ambayo Mwalimu alitembea nayo kila safari. Tukasikiliza. Malori yalikuwa yakipita nje kuelekea mpakani, na bado kila sauti ilikuwa mahali pake.

“Mama,” Mwalimu akasema, “wewe unasikia?”

“Nasikia, Mwalimu.”

“Sauti ya kwanza?”

“Ipo.”

“Mbele au nyuma?”

“Mbele. Wote wapo mbele.”

Alisimama na mkono juu ya spika. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Wimbo ulikuwa katikati ya ubeti, naye akasema, “Hajji, zima.”

Hajji akazima. Akauviringisha waya ule mpya, akamtilia mkononi.

“Wa nini sasa?” aliuliza Mwalimu.

“Wa mama wa nyumbani. Yeye bado anapenda muziki.”

Tulirudi siku hiyohiyo. Tulipoanza kuiona mibuni ndipo aliponiuliza.

“Mlijua?”

“Tulijua.”

“Mbona hukuniambia? Wewe usiyeongopa.”

“Hukuniuliza, Mwalimu. Ulikuwa unauliza habari za waya.”

“Ni kweli,” akasema. “Nilikuwa nauliza habari za waya.”

Jumamosi alikuja mazoezini amevaa koti la Jumapili. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa nyuma, maana kahawa ilikuwa imekauka. Hakuwapa nafasi. Alisema mfereji umekaguliwa wote, ni mzima, na mahali palipoziba ni masikioni mwake. Alisema hivyo kama mtu anayetangaza ratiba. Kisha akamwita binti mmoja wa sauti ya kwanza, yule ambaye miezi ile alithubutu kuwakonyeza wenzake wanapopotea, akamkabidhi kwaya. “Nilikuwa nakuona unakonyeza,” alimwambia. “Nilidhani ni utovu wa nidhamu.” Yule binti akalia. Yeye akaenda kusimama nyuma kabisa pamoja na besi, na hapo alisimama kila Jumamosi kwa miaka, asiimbe, akitazama. Kwenye mkutano hatukushinda. Hatukuaibika pia, na yule mzee wa kanisa ndiye aliyembebea Mwalimu mfuko wake wakati wa kurudi.

Kwa mkewe ule waya ulifanya kazi hadi mwisho. Mchana alijipigia nyimbo zake kwa sauti kubwa, na mumewe alikaa mbele yake akimtazama usoni ili ajue wimbo umefika wapi. Mara nyingine mama yule alizima vyombo na kuendelea kutikisa kichwa, ili amcheke akiendelea kuongoza wimbo kwa mkono. Mwalimu alimgundua. Walikosana na kupatana kwa mchezo huo hadi uzeeni.

Mara ya mwisho kumwona tukiwa wawili ilikuwa barazani kwake. Mkewe alikuwa ameshuka Mlowo. Mwalimu hakusikia tena kitu chochote, hata radi, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Tulikaa. Mimi si mtu wa maneno, naye hakuyahitaji. Baada ya muda alinigeukia.

“Imba.”

Nikatikisa kichwa. Maishani mwangu sikuwahi kuimba peke yangu, na alto peke yake si wimbo, ni nguzo bila paa. Akasema tena, “Imba, Mama.” Basi nikaanza, palepale nilipoketi, kwa sauti ya chini, nikifungua mdomo kwa kiasi tu. Nilijiambia kwamba anachokitaka ni kuona midomo ikisogea.

Alinitazama mstari mmoja. Kisha akapiga mkono wa kiti.

“Acha! Unaniimbia kivivu kwa sababu sisikii.”

Watu waliokuwa wakipita barabarani na mizigo yao waligeuka.

“Kifua chako hakijapanda,” alisema. “Shingo imelala. Mimi bado ni mwalimu wako. Simama.”

Nilikuwa bibi wa wajukuu wengi, na hapakuwa na mtu wa kuniambia simama kwa miaka mingi. Nilisimama. Niliimba alto yangu kutoka mwanzo, kwa kifua chote, hadi ubeti wa mwisho, na hakunisimamisha tena.